Dakika Kumi Hadi Hekaluni

Kijiwe chetu kipo nyuma ya kibanda cha Kinyozi, mahali ambapo ukuta wa ghala la saruji unatukinga na jua kuanzia saa tisa, na unatukinga pia na chochote kinachofaa kutazamwa. Ukitembea dakika kumi kuelekea baharini unafika kwenye magofu ya hekalu la kale, yale ambayo watu huvuka nchi tatu kuja kuyaona wakati jua linapozama. Sisi tuko jirani, kwa hiyo hatujaenda. Tunayajua kwa njia iliyo bora zaidi: tunayabishania. Sheria ya benchi ni moja tu. Anayenyanyuka kabla birika la Mama Birika, muuza kahawa wetu, halijakauka, yeye ndiye atakayejadiliwa. Na birika hilo hukauka giza likishaingia, ndiyo maana hakuna kati yetu aliyewahi kuliona jua lenyewe likizama huko.

Siku hiyo Kinyozi alikuja na shati la pasi. Profesa, ambaye kwa kazi ni fundi bomba ila ana miwani, alimkagua kuanzia kola hadi viatu.

Profesa: Kuna msiba, au unaenda kuposa?

Kinyozi: Nampeleka Mama Mapacha hekaluni, akaone jua likizama.

Shahidi: Lo! Leo ndiyo leo.

Shahidi alikuwa karani wa mahakama. Tangu astaafu, hakuna jambo lililotokea duniani ambalo hakulishuhudia.

Kinyozi: Msinicheke jamani. Kesho alfajiri anaondoka na dada yake, hospitali ya macho. Jicho moja limeshafunga, la pili linaona vivuli tu na mwanga. Daktari kasema atajaribu. Mimi hekalu hilo nilimwahidi siku ya harusi, huu mwaka wa ishirini na sita. Jana kaniambia, "Baba Mapacha, sitaki kingine, nipeleke nilione jua hilo, hata kama ni wekundu wake tu."

Tukaweka vikombe chini. Kwenye benchi letu kuweka kikombe chini ni sawa na kulia. Kisha Mama Birika akamimina, na huruma ikaishia hapo.

Profesa: Basi kaa unywe kimoja. Jua halina miguu.

Kinyozi: Saa ngapi, Fundi Saa?

Fundi Saa ni mimi. Saa yangu mwenyewe sina. Huvaa za wateja, moja baada ya nyingine, kuzipima. Nikatazama mkononi.

Mimi: Kumi na moja na robo.

Shahidi: Umesikia? Lile linazama kumi na mbili na nusu. Muda huo unanyoa vichwa vinne na ndevu juu. Haraka haraka haina baraka.

Kinyozi akakaa ukingoni mwa benchi, kama mtu anayeondoka sasa hivi. Pale kwenye kona likapita kundi la wageni, kofia pana na kamera shingoni.

Shahidi: Watazameni. Wakifika kule wanasimama kwa foleni, kila mmoja ananyoosha vidole viwili apigwe picha kama kalibana jua. Mtu mzima, kwao ana ofisi!

Mama Birika: Wewe uliwaona wapi?

Shahidi: Nimeshuhudia.

Mama Birika: Ukiwa umekaa hapa?

Shahidi: Ushahidi haupimwi kwa umbali, mama.

Profesa: Nawahurumia. Wanadanganywa kwamba lile ni hekalu, kumbe lilikuwa bafu. Kila nguzo ina tundu juu. Tundu la nini? La bomba!

Mimi: Umeyaona hayo matundu?

Profesa: Kwenye kalenda.

Mimi: Na nani ajenge bafu mlangoni mwa bahari?

Profesa: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hakuna aliyejua methali hiyo imeingilia mlango gani, lakini aliisema kwa sauti nzito, ikapita.

Shahidi: Bafu! Mwenzangu, ile ni mahakama. Mshtakiwa anafungwa nguzo ya mwisho, maji yanajaa. Akisema kweli yanamwishia magotini. Akidanganya yanapanda.

Mama Birika: Ungekuwa umeshazama wewe.

Profesa: Tena nguzo ya mwisho ni ya ngapi? Ziko saba.

Shahidi: Sita.

Profesa: Saba! Jengo la heshima haliwezi kuwa na sita.

Kinyozi: Nitawahesabia leo leo. Fundi, saa ngapi?

Mimi: Kumi na moja na dakika ishirini.

Kinyozi: Tu? Porojo zote hizi, dakika tano?

Profesa: Ukikaa na watu wenye akili, muda hauendi.

Tukacheka, Kinyozi naye akacheka, akapokea kikombe cha pili. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama Birika peke yake alikuwa anajifunga kanga mabegani.

Mama Birika: Baba Mapacha, nyanyuka. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Profesa: Hiyo haimhusu. Watoto wake wamefanana naye hadi masikio.

Mama Birika: Fundi, hebu itazame tena hiyo saa yako.

Mimi: Mama, hii ndiyo kazi yangu. Kumi na moja na nusu.

Kinyozi alikuwa ameshaanza kunyanyuka, nusu yake hewani. Hapo ndipo Shahidi akashusha sauti, na kila mtu anajua Shahidi akishusha sauti hakuna anayeondoka.

Shahidi: Sasa niwaambie kilichobomoa paa la hekalu. Ila kisitoke hapa.

Kinyozi: Kwa kifupi basi.

Shahidi: Watu wa kale waliona jua linazama kila siku, wakasema, hili siku moja litakosa pumzi. Ndipo wakajenga nguzo. Zile si nguzo, ni nondo. Ni mtego! Na siku moja likanasa.

Profesa: Kweli hiyo, ndiyo maana upande mmoja mawe ni meusi.

Shahidi: Babu wa babu yangu alikuwepo. Siku hiyo haikwisha. Watu walikula chakula cha mchana mara nne. Kuku walitaga mpaka wakaomba radhi. Waliokuwa wameahidi kitu kufikia jioni walifurahi kupita kiasi, maana jioni haikuja. Mwishowe paa likapasuka, jua likachomoka, likaenda zake.

Kinyozi: Na waliokuwa wanaingoja hiyo jioni?

Shahidi: Hao sikuwashuhudia.

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Mama Mapacha. Alikuja akiufuata ukuta wa ghala kwa kiganja, amevaa gauni la buluu, na kichwani kitambaa kipya kilichofungwa kwa subira. Viatu alikuwa amevishika mkononi, tayari kwa mchanga.

Mama Mapacha: Hamjambo, shemeji zangu.

Sote: Hatujambo, shemeji.

Mama Mapacha: Nimesubiri mlangoni, nikaona bora nikufuate. Baba Mapacha, jua bado lipo?

Swali jepesi. Mtoto wa miaka mitatu angelijibu kwa kidole. Profesa akavua miwani akaifuta. Shahidi, aliyeona hadi kuku wa siku ile, akatazama vidole vya miguu yake. Kisha wote wakatazama mkono wangu. Saa ilisema kumi na mbili kasorobo. Juu ya ukuta, taa ya ghala ilikuwa imeshawashwa. Pale kwenye kona, lile kundi la kofia lilikuwa linarudi, wanaonyeshana picha. Ndipo nikakumbuka alichoniambia mwenye saa alipoileta: "Fundi, inatembea, lakini inachelewa sana." Niliivaa niipime, nikaisahau. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Kinyozi akasimama. Kikombe chake kilikuwa kimejaa. Akakiweka chini taratibu, akamshika mkewe mkono.

Kinyozi: Lipo. Twende.

Mama Mapacha: Mbona nasikia baridi?

Kinyozi akageuka, akatutazama sisi. Tulikuwa wanne pale wenye majibu ya kila kitu, na hakuna aliyemsaidia.

Mama Mapacha: Haya, twende. Utanihesabia hata nguzo.

Wakashika njia ya baharini, yeye pekupeku, mume wake akimwambia palipo na jiwe. Birika lilikuwa halijakauka, na sheria ni sheria, tulitakiwa kumjadili Kinyozi. Profesa akavaa miwani, tayari kuanza. Mama Birika akanyanyua birika kwa mikono miwili, akaimwaga kahawa yote chini, mbele ya miguu yetu.

Mama Birika: Imeisha. Nendeni makwenu.