Historia ya Zita Mtengeneza Kadi, Iliyosomwa na Mke Mwenzake

Baba katekista, mwenyekiti wa kijiji, ndugu zetu mliosafiri kutoka Ngara, majirani wa Runazi na wa Nyantakara, wakubwa wote shikamooni, na wadogo poleni kwa msiba. Naitwa Nshoma, mke mkubwa wa mzee Ngeleja, na nimesimama hapa kuwasomea maisha ya Zita, mke mdogo, ambaye jeneza lake liko mbele yenu. Nasikia wanaoguna, na siwalaumu, maana hata mimi nilipoambiwa na mzee Bulugu, mkubwa wa ukoo wetu, kwamba ni mimi nisome, nilimwuliza kama amekosa mwanamume mwenye miwani, akanijibu kwamba aliyekaa na mtu ua mmoja miaka ishirini ndiye anayemjua, na kwamba mwenye wivu hasahau kitu.

Basi nitasoma yote, yaliyo mazuri kwake na yaliyo machungu kwangu, ila liko jambo moja ambalo wazee wameniachia niliamue mwenyewe, nalo ni la mtoto. Zita hakuzaa, lakini binti yangu wa pekee, Happyness, yule pale aliyejifunga kanga kiunoni kama mfiwa wa kwanza, ameomba atajwe katika historia hii kuwa mtoto wa marehemu, kisha akalishwe kwenye kiti chake kama mrithi, na kwa desturi tunayoifuata hapa, anayekalishwa kwenye kiti huhesabiwa wa nyumba ile, si ya nyumba aliyozaliwa. Wazee wamesema mwenye kukubali au kukataa ni mama mzazi. Mpaka nilipokuwa nafunga kilemba hiki asubuhi, jibu langu lilikuwa hapana.

Marehemu Zita Anastazi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika kijiji kilicho jirani na Lukole, wilaya ya Ngara, akiwa mtoto wa nne wa marehemu mzee Anastazi na mkewe, wakulima wa migomba na maharage, na alibatizwa mwaka huohuo katika kanisa la kwao. Kaka yake Rwekaza, aliyenipa habari hizi, anasema alikuwa mtoto mpole asiyejua ugomvi, nami naongeza kwamba upole huo alihama nao mpaka Runazi, na ndio uliokuwa ukiniudhi kuliko yote, kwa kuwa mtu ukimtukana asipojibu, unabaki na tusi lako mkononi hujui ulipeleke wapi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1988 katika shule ya msingi ya kijijini kwao, akamaliza darasa la saba mwaka 1994, mwaka ambao wakimbizi waliingia Ngara kwa wingi, akawa anapeleka ndizi mbivu kambini Lukole pamoja na wasichana wenzake. Huko alimkuta mama mmoja mkimbizi kutoka Burundi, jina lake Suzan, aliyekuwa akichonga mihuri kwa wembe kwenye soli za kandambili zilizokatika na kuigonga kwenye karatasi, ili watu wa kambini wapate kadi za ubatizo na za harusi, kwa maana hata kambini watu waliendelea kuoana. Zita akaacha ndizi zioze kapuni huku yeye akitazama, na kuanzia mwaka 1996 akawa mwanafunzi wa Suzan, hadi mwaka 2002 mama yule aliporudi kwao, akimwachia wembe na mihuri yake yote. Hapo mjue kwamba hata marehemu alirithi kwa mtu asiyemzaa, na Happyness amenikumbusha jambo hilo mara nyingi zaidi ya nilivyopenda kulisikia.

Mwaka huohuo wa 2002 marehemu alihamia Biharamulo mjini, akaweka meza nje ya duka la vifaa vya shule. Kazi yenyewe, kwa wasioijua, huanzia kwenye rangi ya chini, ambayo Zita aliiita shamba, kwa kuwa alisema muhuri ni mbegu, haupandwi mahali pasipolimwa. Alidondosha wino wa muhuri, wa zambarau, mwekundu na wa kijani, juu ya mfuko wa nailoni uliotandazwa mezani, akanyunyiza maji kwa vidole, akalaza karatasi ya manila kifudifudi na kuinyanyua upesi, ikatoka na mawingu ambayo hayafanani na ya karatasi nyingine yoyote, au akachukua kipande cha sponji ya godoro na kugusagusa pembeni, mpaka rangi ikafifia kuelekea katikati. Kisha aliacha ikauke kabisa, na kungoja huko ndiko kulikowashinda wengi. Ndipo alipogonga mihuri, ua la bamia iliyokatwa katikati, vyumba vidogo vya shina la jani la mgomba lililokatwa, njiwa, kikombe cha komunyo, pete mbili, kila kimoja mahali pake, bila kuvuja na bila kurudia.

Kadi zake zilifika kila mahali, za kipaimara, za mahafali, za mchango wa harusi, za Krismasi na za pole, na wengi wenu mliokaa hapa mmezibandika ukutani sebuleni, nimeziona nilipokuja kuwasalimu. Ukutani kwangu mimi pana kalenda.

Kuhusu ndoa, mume wetu alikwenda Biharamulo mjini mwaka 2004 kuagiza kadi za harusi ya mdogo wake, akarudi akasema kadi zina kosa, akaenda tena kuzirekebisha, na alipokwenda mara ya tatu nikajua kwamba kadi hazina kosa lolote. Alimwoa Zita tarehe 18 Septemba 2004, na ng'ombe wa mahari walitoka kwenye zizi nililokuwa nikilikamua mimi, tangu tulipohama Shinyanga na kuja kuanza maisha huku porini, tukilala chini ya turubai. Simsemi vibaya mume wetu mbele ya wageni, yeye mwenyewe amekaa pale, anasikia.

Wakati Zita anaingia uani kwetu, Happyness, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 2003 baada ya wavulana wanne, alikuwa ndiyo kwanza nimeanza kumwachisha ziwa, na mtoto anayeachishwa ziwa hutafuta mgongo mwingine, akaupata wa Zita. Nilifurahi siku za mwanzo, nikasema nimepata msaidizi, nipate kulima. Alipoanza shule, kila aliporudi alipita mlango wangu kama mtu anayepita kituo cha polisi, akaenda moja kwa moja kukaa chini ya meza ya wino, ambayo Zita alikuwa ameihamishia uani, akajua kuchonga kabla hajajua kusonga ugali, vidole vyake vikawa na rangi siku zote, na nilipomsugua kwa jivu usiku, kesho yake vilirudi vilevile. Akaanza kumwita Zita mama, nikaendelea na jembe langu. Kisha mwaka 2012, mbele ya wageni, akaniita mimi mama mkubwa, jina ambalo watoto wa Zita wangeniita kama angekuwa nao, mimi niliyemzaa, mimi aliyeniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma chetu, tangu ulimi wake ulipofunguka, nami nikaitika, kwa kuwa wageni walikuwa wananitazama. Tangu siku hiyo nilimchukia marehemu, na siwezi kusoma historia yake nikalificha hilo.

Mwaka uliofuata nikaamua kwamba nami nitatengeneza kadi, na jirani yetu mzee Faustini alipomwoza mwanawe, nikajipenyeza, nikafanya nusu ya kadi zake kwa siri kupitia kwa mkewe, nusu nyingine akifanya Zita. Mihuri nilichonga vizuri, hilo Happyness atashuhudia, ila sikutaka kuonekana nikinunua wino dukani anakonunua Zita, nikachukua ile dawa ya zambarau tunayopaka vidonda vya ng'ombe, nikailimia shamba langu, ikang'aa kuliko wino wowote. Zilipendeza kuliko za Zita, nasema hivyo mpaka leo. Lakini siku ya harusi ilinyesha, na kila aliyekuja na kadi yangu aliingia na vidole vya zambarau kama aliyetoka kupiga kura, wakampongeza bibi harusi, wakamshika mikono, wakamshika mabega, na gauni likapigiwa kura nyingi sana.

Watu walipomaliza kucheka, mzee Faustini akauliza kwa sauti ni mkono wa nani huo, nami nikatazama chini, na Zita, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akasimama akasema ni wake, amekosea wino, akaomba radhi. Angeninyamazia tu, ningemsamehe. Lakini aliibeba aibu yangu mbele ya watu, kwa sauti yake ile laini, na Happyness, aliyejua kadi zipi ni za nani, akamtazama kwa jicho ambalo mimi sijawahi kutazamwa nalo. Mzee Faustini, leo ujue, dawa ya ng'ombe ilikuwa yangu.

Watoto wa marehemu. Hapo naparuka, nitarudi.

Marehemu alianza kuugua mwezi Mei 2023, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali na kuambiwa ni moyo, moyo umekuwa mkubwa kuliko nafasi yake, nami niliposikia hivyo nikasema kimoyomoyo kwamba hata ugonjwa wake unamsifia. Alitibiwa na kurudi nyumbani mara kadhaa, na kwa kuwa Happyness alikuwa chuo cha ualimu na mzee wetu hana nguvu tena, aliyemwogesha, aliyempikia uji na aliyemgeuza kitandani ni mimi. Desemba iliyopita mikono yake ilikuwa inatetemeka, akaniomba nimlimie shamba la kadi za Krismasi alizokuwa amewaahidi watu, nikalaza karatasi, nikainyanyua polepole badala ya upesi, ikawa matope matupu, akacheka mpaka nikaogopa, akaniambia, dada, hili shamba lako limepata mvua nyingi. Nami nikacheka, lakini kidogo.

Tarehe 27 Januari 2025 alilazwa tena hospitalini Biharamulo mjini, na siku mbili tatu baadaye muuguzi wa zamu akaja kumwuliza habari zake, umri, kijiji, na kama ana watoto. Nilikuwa nimesimama hapo na beseni la maji. Zita alinitazama, akageuka, akamwambia muuguzi kwamba yeye hana mtoto, kwamba yule binti anayekuja kila Jumamosi ni wa dada yake huyu, yeye alimsaidia kumbeba tu. Neno hilo nililingoja tangu mwaka 2012, nililipika na kulipakua kichwani kila siku, nikidhani nikilisikia kutoka kinywani mwake nitacheza. Nilikwenda kumwaga maji nje, nikakaa kwenye benchi, na hasira ikanipanda mpaka machozi, kwa sababu hata kunirudishia mtoto wangu alifanya yeye, kwa hiari yake, kabla sijamwomba, akiwa hana pumzi ya kumtosha, na mimi kwa mara nyingine nikawa wa kupokea. Niliporudi ndani nilimbadilishia shuka.

Marehemu Zita alifariki dunia tarehe 6 Februari 2025 asubuhi, nikiwa nimemshika mgongo ili apate kuketi.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, na hasa yule muuguzi aliyekuwa akimnong'onezea utani, nawashukuru majirani mliotuchotea maji na kutuletea kuni na maharage bila kuitwa, wanakwaya, akina mama wa jumuiya, na mwenye lile duka la vifaa vya shule mjini, aliyefunga duka lake leo ili awepo hapa. Nawashukuru pia ndugu wa Ngara, ambao wangeweza kumdai wamzike kwao, lakini wakatuachia.

Sasa nimerudi pale nilipoparuka. Happyness, acha kulia, unisikilize. Mzee Bulugu, wewe na wazee mlitaka neno langu, nalo ndilo hili. Mimi si mwema kama marehemu, na wivu wangu hauingii kaburini leo pamoja naye, kesho nitaamka nao na keshokutwa pia, na kila nitakapomsikia binti yangu akiitwa mtoto wa Zita, nitataka kumrekebisha anayemwita. Lakini mwanamke huyu amenipa na kunipa miaka ishirini, hata siku moja hakuniacha nimtangulie, na leo amelala, hawezi kunyanyuka akanishinda. Zamu ya kutoa ni yangu.

Marehemu Zita Anastazi ameacha mume, mzee Ngeleja, na mtoto mmoja wa kike, Happyness, niliyemzaa mimi, akamlea yeye. Leteni kiti, mtoto wa marehemu akae.

Pumzika, Zita, kwa amani ile ambayo uani kwetu nilikunyima.