Bi Vijidudu, Mlezi wa Maziwa Mekundu

Dada yangu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika chumba cha nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa kwanza. Mimi, fundi cherehani, nilimfuata. Mama yetu aliuza maziwa mgando, na kila asubuhi alibakiza kidogo chunguni ili yagandishe ya kesho. Marehemu alipouliza ni nani hasa anayeyagandisha, mama alimjibu, "Wamo humo, wanafanya kazi. Usiwachungulie, wataona haya." Aliwachungulia maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi iliyopakana na karakana ya reli, kisha sekondari ya wasichana, ambako alikuwa wa kwanza katika baiolojia na wa mwisho katika upishi. Siku ya mtihani wa upishi aliuacha mchuzi uchache makusudi, aone kitakachoota. Mwalimu aliita mzazi. Mama alikwenda, akauonja, akasema umepungua chumvi tu.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuwa fundi wa maabara chuo kikuu, na huko ndiko alikopata jina la Bi Vijidudu. Kazi yenyewe, kwa sisi tusioijua, ilikuwa hivi. Kuna madini yaitwayo seleniamu. Mwili unayataka kidogo sana, ukizidisha ni sumu. Yeye aliwapa vijidudu wa maziwa mgando, aliowachota chunguni mwa mama, chumvi ya madini hayo, nao wakaila na kuigeuza kuwa chembe ndogo mno, ambazo mwili huzipokea kwa upole zaidi. Chupa nzima hugeuka nyekundu. Isipogeuka, ujue wamekufa. Kuku wa chuo waliolishwa chembe hizo walinawiri hata wakawa na kiburi. Majirani walipomwomba dawa ya magoti, aliwajibu, "Mimi nachunguza, siuzi. Nendeni kwa daktari." Wakaja kunishtakia mimi, huku nikiwa na sindano mdomoni.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 14 Desemba 1985 na mwalimu wa udereva. Umeme ulikuwa umekatika chuoni, kwa hiyo bibi harusi aliingia ukumbini amekumbatia chupa yake, kaizungushia shali isipate baridi. Gauni lile nililishona mwenyewe, ila sikuwa nimeipimia chupa. Mjomba wa bwana harusi aliiona mezani, akadhani ni sharubati, akataka kujimiminia. Dada akamshika mkono. "Mjomba, hiyo bado ina sumu kidogo." Meza nzima ikasukuma glasi mbele, na hotuba zote tulizisikiliza kwa kiu. Shemeji aliapa siku ile kwamba ataitupa chupa hiyo. Akaendelea kuapa kila friji ilipojaa. Walijaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi.

Mama alifariki mwaka 1996, na chungu chake kikavunjika tulipokuwa tukihamisha vyombo. Kilichobaki cha mkono wa mama duniani kilikuwa ndani ya chupa ya dada. Tangu hapo shemeji aliapa kwa sauti ya chini.

Alistaafu mwaka 2017, akaileta chupa nyumbani moja kwa moja. Moyo ulianza kumsumbua mwaka jana. Wapo waliomuuliza mbona chembe zake hazimsaidii, akawaambia, "Nilizitengeneza, sikuahidi kitu." Alipolazwa mwezi Oktoba, alimwachia mumewe kazi: achukue kijiko cha maziwa ya zamani, akitie kwenye maziwa mapya yaliyochemshwa yakapoa, kisha tone la ile chumvi. Shemeji, mtu wa chai, alikitia yakiwa yanafoka, na ya zamani alikuwa ameshayamwaga. Vijidudu wote wakaungua. Kikabaki kichupa kimoja cha akiba kwenye barafu. Dada hakumgombeza. Alimwambia, "Mume wangu, mama amebaki humo tu. Safari hii subiri yapoe." Alituacha alfajiri ya Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, kabla hatujajua kama maziwa ya kichupa kile yameshika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na mdogo wake, mimi.

Karatasi mliyo nayo inaishia hapo. Ila nimesikia mkinong'ona kwa nini msafara umechelewa, eti gari halikuwaka. Gari liliwaka. Shemeji ndiye aliyekataa kutoka jikoni. Alikaa mbele ya chupa amevaa suti niliyomshonea, ana kipimajoto cha binti yake mkononi, na kila nikimwita ananiambia, "Bado kidogo, shemeji." Mwishowe alitoka, amekumbatia chupa ndani ya shali ileile. Mnaona amesimama pale nayo. Aliniambia, "Msomee wewe. Mimi nitashindwa."

Basi nakusomea, dada. Pumzika kwa amani. Yamekuwa mekundu.