Friji Kwenye Kona ya Ngazi

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mbebaji wa samani ambaye kazini walimwita Winchi, kama ile mashine ya kuinulia mizigo. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Aliyetusimulia ni mama yake mzazi, na ana jambo moja analotaka limfikie kila anayebeba mzigo: usibane pumzi.

Maana yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuibana. Siku Winchi alipoinua ndoo ya maji kwa mara ya kwanza, mama alimwambia, "Bana pumzi, baba, kaza tumbo, hutayumba." Kweli hakuyumba. Neno hilo akakua nalo, akaenda nalo kazini. Kila mzigo ulianza kwa sauti yake: "Bana!" Midomo ya wanaume wanne ikafumbwa kwa pamoja.

Makabati, vitanda, mashine za kufulia, vyote alivipandisha. Zahanati walipomkuta na presha, walimpa vidonge na kumwambia atembee sana. Alirudi nyumbani akicheka.

"Mama, eti nitembee! Mimi? Miguu hii haijui kiti."

Vidonge alivimeza wiki mbili, kisha kopo likahamia juu ya kabati. Mama akimkumbusha, jibu lilikuwa lile lile: "Kwa mazoezi yote haya, huo moyo utaugua saa ngapi?" Mama aliona mwanawe ana hoja.

Ikafika Jumanne asubuhi. Friji kubwa, ghorofa ya tatu. Wabebaji wanne, mmoja kila pembe, Winchi upande wa chini, mdogo wake upande wa juu. Walipanda vizuri. Kwenye kona ya mwisho wakakuta mlango umefungwa. Mwenye nyumba akaanza kupekua mkoba.

"Tuweke chini, kaka," mdogo mtu akasema.

"Ngazini? Watu watucheke? Friji halilali njiani. Bana!"

Wakabana. Dakika moja ikapita. Ikaja ya pili. Kumbe ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti. Mlango ulipofunguka, Winchi alisema, "Shikeni vizuri," akaketi kwenye ngazi kama mtu anayepumzika. Hakuinuka tena.

Wasikilizaji wapendwa, hakuuawa na kupanda. Aliuawa na kule kusimama na mzigo, akisubiri ufunguo.

Hapo ndipo mama aliposhindwa kuelewa. Ngazi kazizoea, mzigo ni ule ule. Iweje kupanda kusimuue, kusimama kumuue? Akamburuta yule mdogo mtu mpaka zahanati, maana huyo ndiye aliyebaki, na naye ni mbebaji.

Muuguzi hakuwa na maneno mengi. Alimfunga mkanda wa kupimia presha mkono mmoja. Namba ya juu: mia moja ishirini na nane. Mkono wa pili akampa taulo iliyoviringishwa.

"Kamua. Usiachie."

"Dada, taulo yenyewe kavu. Itatoa nini?"

"Itatoa jibu. Kamua."

Baada ya dakika mbili namba ilisoma mia moja hamsini na sita.

"Kiganja tu hicho?" mama akauliza.

"Kiganja tu, mama. Sasa piga picha mwili mzima."

Akawaeleza. Ukitembea, msuli unakaza na kulegea, unakaza na kulegea. Moyo unafanya kazi, ndiyo, lakini msuli unausaidia kurudisha damu, na njia ziko wazi. Msuli ukikaza bila kulegea, unaiminya mishipa yake wenyewe. Moyo unabaki kusukuma mlango uliofungwa. Ukibana na pumzi, presha inaruka zaidi. Moyo mzima huweza kuvumilia. Wa mtu mwenye presha aliyeacha vidonge, ni hatari.

"Na aliyemfundisha kubana?" mama akauliza taratibu.

Muuguzi aliikunja taulo yake. "Tumefundishwa wengi, mama. Hata mimi."

Kesho yake mama aliwakuta wabebaji wamekaa juu ya magodoro, wakisubiri lori. Aliwaambia wapime presha, na mwenye vidonge asiviache. Mkono ukichoka, mzigo chini; friji halina aibu. Na lile neno "Bana" life. Wahesabu ngazi kwa sauti, kwa sababu anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

"Mama, mimi hesabu ilinishinda darasa la tatu," mmoja akadakia.

"Basi wewe sema moja, moja, moja. Mradi nikusikie."

Wiki iliyopita walipeleka kabati nyumba ya jirani. Mama alisimama chini akisikiliza. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kisha kimya. Akashika ukuta.

"Mbona kimya?"

Sauti ya mwanawe mdogo ikashuka kutoka juu: "Tumeweka chini, mama! Tunapumua!"

Tunampa pole mama huyu, mjane wa Winchi, mdogo wake na wabebaji wenzake. Marehemu apumzike kwa amani. Nawe unayetusikiliza huku umeshika kitu kizito, kiweke chini kwanza. Vuta pumzi. Itoe. Kisha fikiria ni nani nyumbani kwako anayeibana.