Kijiko Chake

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa matofali, nalo limeegemea ukuta wa kinyozi. Upande mmoja Fundi Viatu huweka sanduku lake la gundi na nyundo, upande mwingine mimi nachemsha kahawa, mtoto mgongoni. Kinyozi tunamwita Wembe, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Wa tatu ni Balozi. Hajawahi kuwa balozi. Alilinda geti la ofisi ya wageni kwa miaka minane, na tangu hapo hakuna nchi asiyoijua. Jumamosi hiyo Fundi Viatu alikuja na shati lililopigwa pasi. Mchana alikuwa anamtarajia mama wa kijana anayemchumbia binti yake wa pekee. Wangekula nyumbani kwake, mlango wa pili kutoka benchi, na baada ya kula wangepanga siku ya ndoa. Saa nne asubuhi simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa yule kijana. Fundi alikuwa amesahau miwani nyumbani, akanipa mimi nisome.

Nikasoma: "Shikamoo baba. Mama atakuja na kijiko chake. Msijali."

— Rudia, akasema Fundi.

Nikarudia.

— Kaandika "chake"? akauliza Wembe.

— Chake, nikasema.

— Basi hapo pana neno. Angesema "kijiko", ningenyamaza. Lakini "kijiko chake"! Vya kwako ameshavitia kasoro kabla hajaviona.

— Vijiko vyangu ni vizima, akasema Fundi.

— Nani kakuuliza vijiko? Kwako mnakula kwa mkono, tena sinia moja. Huyo mama anakwambia kwa adabu kwamba hawezi kuchovya mkono wake pale ulipopita wa kwako. Hebu tazama vidole vyako.

Fundi akavitazama. Rangi nyeusi ya viatu ilikuwa imejificha kwenye kucha.

— Nimevisugua kwa mafuta ya taa tangu alfajiri.

— Ndiyo maana unanukia kama taa.

Balozi aliweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue nchi za mbali zinakuja.

— Nyinyi hamjatembea. Mimi nimetembea.

— Umesimama getini miaka minane, akasema Wembe. Iliyotembea ni dunia. Wewe ulikuwa unaifungulia geti.

— Basi ilipita mbele yangu. Sikilizeni. Watu wa dunia wamegawanyika mafungu matatu: wa mkono, wa vijiti na wa uma. Wa vijiti ni watu wa subira. Punje moja, punje moja, chakula kinapoa na wala hawakasiriki. Wa uma ni watu wa vita. Lisikilizeni neno lenyewe. Mbwa anauma, nyoka anauma, na mtu mzima anautia uma mdomoni kwa hiari yake!

— Na wa mkono?

— Wa mkono ni watu wa amani. Huwezi kugombana na mwenzako wakati nyote mmelowa mchuzi mpaka viganjani.

— Mimi niligombana na shemeji yangu hivyohivyo, akasema Wembe. Mchuzi ulifika dirishani.

— Balozi, akasema Fundi, mbona wa kijiko umewaruka?

Balozi akafikiri kidogo.

— Kijiko ni cha dawa. Anayekuja kwako na kijiko chake anakihesabu chakula chako kuwa dawa. Anameza ili kiishe.

Nikammiminia Fundi kahawa, hakuigusa.

— Lakini msidanganyike, akaendelea Balozi. Pale getini nilikuwa naona kila kitu. Wale wageni walikuwa wanamla kuku kwa uma na kisu, kuku anakimbia sahanini kama yuko hai, wao wanatokwa jasho. Mkubwa wao akiondoka tu, wanamshika kwa mikono na vidole wanalamba. Uma ni wa kutazamwa. Mkono ni wa kushiba.

— Mbona sasa mkono umegeuka dili, akasema Wembe. Mteja wangu mmoja ni mhudumu wa hoteli. Anasema wapo wageni wanaolipa zaidi ili wale kwa mkono. Wamewekewa hata mwalimu, anawaonyesha jinsi ya kukunja vidole.

— Mwalimu wa kukunja vidole!

— Ana cheti. Kiko ukutani, kwenye fremu.

— Miaka hamsini na mbili nakula kwa mkono, akasema Fundi taratibu, hakuna aliyenipa cheti.

— Wewe umepewa kijiko, akasema Wembe, akacheka peke yake.

— Na hicho ni mwanzo tu, akasema Balozi. Leo kijiko chake. Kesho sahani yake. Keshokutwa anakuja na meza yake imefungwa kwenye mkokoteni. Binti akishahamia kule, ukienda kumsalimu watakupokea getini na ndoo ya maji ya dawa.

— Na mjukuu! akadakia Wembe. Mjukuu wako atakula embe kwa uma. Utamkatia tonge, atakutazama usoni akuulize: babu, hili limeshikwa na nani?

Hapo walikuwa wamemgusa penyewe. Fundi aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja.

— Yule mtoto nilimlisha kwa mkono huu. Mama yake alipofariki, alikuwa hajamaliza kuota meno. Nilikuwa nanawa gundi mara tatu ndipo namkatia tonge. Hakuna aliyeuliza. Mama Mtoto, shika simu uandike.

— Niandike nini, baba?

— Andika: Asije. Sisi ni watu wa mkono, hatutaki dharau. Na habari ya ndoa iishie hapo.

Mimi si mtu wa kujibizana na wakubwa. Lakini binti wa Fundi alikuwa ndani muda ule, anakunja mikono ya gauni lake jipya, na asubuhi alipopita kuchukua moto kwangu alikuwa anaimba. Nikaandika "Asije", nikasimama hapo.

— Baba, "dharau" inaandikwa kwa dh au kwa z?

Tangu darasa la tatu sijawahi kuikosea.

— Kwa z, akasema Wembe. Zarau.

— Kwa dh! akasema Balozi. Dh ndiyo inayochoma.

— Mbona "zaidi" ni z na inachoma vizuri tu?

— Wewe ulisoma wapi?

— Nilisoma darasani. Si getini.

Walipochoka, nikauliza kama "hatutaki" ni neno moja au mawili. Wakaanza upya. Nikauliza tena kama baada ya "Asije" inakuja nukta au mkato. Walikuwa bado kwenye nukta mama mmoja aliposimama mbele ya benchi, kipochi kidogo kikining'inia shingoni.

— Hamjambo hapa. Natafuta kwa Fundi Viatu. Mimi ni mama wa yule kijana. Nimewahi kidogo.

Fundi aliinuka haraka, akaufuta mkono kwenye suruali, akaunyoosha. Mama akampa wa kushoto. Wembe akakohoa.

— Nisamehe, baba. Wa kulia ulipooza mwaka jana.

Ulikuwa umelala ubavuni mwake kama mkono wa koti lisilo na mtu.

— Nilimwambia mwanangu awaeleze vizuri, lakini anaona aibu kwa ajili yangu kuliko ninavyoona mwenyewe. Uliobaki ni wa kushoto, na siwezi kuutia kwenye sinia la watu. Ndiyo nikabeba kijiko. Sasa nimewahi ili niulize kabla watu hawajajaa. Wakati wa kula, mimi mtanikalisha wapi?

Balozi akachungulia kikombe chake, akakiinamisha, akachungulia tena. Wembe akakumbuka kwamba ana mteja, ingawa kiti chake tulikuwa tunakiona, kitupu. Mkono wa yule mama ulikuwa bado mkononi mwa Fundi, na mama alikuwa bado anasubiri jibu.

Fundi akaitazama simu, kisha akanitazama mimi. Nikaanza kufuta, herufi moja moja: e, j, i, s, A.