Onyesho la Mwisho Sikuliandika

Sogeeni, wanangu, lakini kwanza, Mallesha, tazama kibarazani, kwa maana nilipoinuliwa kunywa maji nilihesabu viatu mlangoni nikapata jozi nne, nanyi mliomo humu ni watatu. Usiniambie, Nijaguna, "Baba, ni mgeni tu." Mgeni hategi sikio dirishani. Mwambieni yule bwana wa filamu anayeutaka mchezo wangu kwamba mzee amelala, akanywe chai sokoni. Kisha ketini, na asiyependa kukaa karibu na nduguye avumilie kwa leo.

Nimeigiza miaka sitini na mmoja. Katika kampuni ya maigizo iliyozunguka miji ya Dharwad, Gadag na Bijapur nilianza kwa kuvaa sari, nikawa malkia kabla sijaota ndevu. Nikawa mchekeshaji, nikawa mfalme, nikaongoza wenzangu, na uzeeni nikaingia katika filamu, ambako nimeuawa mara kumi na nne. Lakini hadi umri wa miaka arobaini na sita sikujua kusoma hata jina langu. Kila mwigizaji alipewa maneno yake peke yake, pamoja na neno la mwisho la mwenzake ili aijue zamu yake. Mchezo mzima hakupewa mtu, kwa hofu ya kuibwa na kampuni nyingine. Mimi michezo yote niliipata kwa masikio, na nilipotunga mchezo wangu, ule wa mfalme aliyemhukumu mwanawe, niliusema kwa mdomo, naye Gundurao, aliyesimama nyuma ya pazia kutukumbusha maneno, akauandika.

Kitabu kilipochapishwa aliniletea nakala. Niliiweka kwenye rafu ya ibada, na kila mwaka, siku ya kuviheshimu vyombo vya kazi, niliipaka manjano na kuifukizia ubani pamoja na taji na kinanda, miaka kumi na mmoja. Kisha Nilavva, dada yenu huyu, akaanza shule, nami nikajifunza herufi katika kitabu chake cha darasa la kwanza, nikijifanya namsaidia. Neno la kwanza nililolisoma peke yangu kwenye jalada lile, chini ya unga wa manjano, lilikuwa Gundurao. Nililirudia mara tatu nikitumaini nimekosea.

Nilimwendea. Alikuwa akila mkate wa mtama, wala hakuinuka.

"Irappa," akasema, "miaka yote umekibusu, hukukiuliza jina? Maneno yako yalikuwa hewani, bwana. Mimi ndiye niliyeyashika."

"Basi onyesho la mwisho utalingoja mpaka masikio yako yaote ukungu," nikamjibu.

Alicheka, ila si sana, kwani alijua kuwa mwisho uliomo kitabuni ni makapi niliyompa aandike, na kwamba ule wa kweli sikuwahi kuutamka mbele yake.

Tangu siku ile simwamini mtu mwenye kalamu, hata akiwa damu yangu. Jana, Nijaguna, uliniletea karatasi ya yule bwana ukasema, "Tia saini tu, Baba, ni heshima kwako." Wewe umesoma chuoni, mimi nasoma kwa kidole. Lakini nilifika ukurasa wa pili, mstari wa nne, palipoandikwa kwamba mchezo ni wa hayati Gundurao, nami natoa onyesho la mwisho ili kuukamilisha. Wewe hukufika hapo, au ulifika? Usijibu. Tangu utotoni ukitaka kudanganya hushika sikio, na mkono wako uko hapo sasa. Ushushe.

Nikifa, Nilavva, kabla hamjaniosha kitazame kidole gumba changu. Mimi hutia saini kwa jina langu lote. Kikiwa na wino, karatasi yenye alama yake ni ya wizi, ichane mbele ya majirani. Nyumba msiigawe kwa ukuta. Sanduku la mataji ni la Nilavva, kinanda ni cha Mallesha, na vitabu ni vya Nijaguna, naye avisome mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa onyesho lenyewe. Mnakumbuka maneno niliyomfundisha kila mmoja wenu faraghani mkiwa wadogo, nikawaapisha msiambiane? Nijaguna, yako ni ya waziri. Nilavva, ya malkia. Mallesha, ya mchekeshaji. Hilo ndilo onyesho la mwisho, na halimo katika karatasi yoyote duniani. Tangu mlipotukanana harusini, miaka tisa hamjala pamoja, nami niliwaacha, nikijua hakuna kati yenu awezaye kuliuza onyesho hilo peke yake. Mkilitaka, mtaketi chumba kimoja, kila mmoja amngoje mwenzake amalize. Kisha Nilavva aliandike, na jina langu litangulie neno lolote.

Watauliza maneno ya mfalme yako wapi. Mfalme hasemi. Amejua kwamba alimhukumu mwanawe kwa maneno ya kusikia tu. Ameketi, wenzake wanasema mbele yake, naye anawasikiliza. Msikubali mtu amtungie.

Nipe mkono, Nijaguna. Huenda hukufika ukurasa wa pili. Huenda... Gundurao alinifanya niwaone wote wamesimama nyuma ya pazia.

Maji. Yanatosha. Jivu takatifu la paji la uso anipake Mallesha. Mnizike nimeketi, kama walivyozikwa wazee wetu. Baraka zangu ziwakae vichwani, wanangu, na midomo yenu isikaukiwe na maneno.

Niinueni... niketi. Nilavva, anza wewe. Polepole. Nijaguna, msikilize dada yako... neno lake la mwisho ndilo lako.

Nami zamu yangu ikifika... msinikumbushe.