Uso wa Mzee Obura

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupiga picha za wagonjwa, Bwana Sydney Obura anastaafu tarehe 30 Juni. Idarani tumeshaanza kugombania kiti chake. Kazi yake hakuna anayeigombania.

Alianza na eksirei, enzi za filamu kuanikwa kama nguo. Tulipopata MRI, mashine ya sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili, yeye ndiye aliyepelekwa kozi, akarudi mkali: hata pini ya nywele haiingii. Mchungaji mmoja alimpuuza akaingia na funguo za kanisa. Sumaku ilizinyakua, na Jumapili hiyo ibada ikafanyika nje. Mzee hukana kwamba alicheka. Alicheka sana.

Lakini watoto ndio aliowaweza zaidi. Mashine ile ina kelele, na mtoto akitikisika picha imeharibika. Obura alitafuta katoni ya friji, akawa anamlaza mtoto ndani na kugonga sufuria hadi azoee. Wengi walipigwa picha bila dawa ya usingizi.

Mmoja wao ni Kiprugut wa Mai Mahiu, aliyeanza kuangukaanguka akiwa na miaka sita. Shangazi zake walimlaumu mama yake, Chepkemboi, eti ameleta mkosi. Picha zilionyesha sehemu nyeupe ya ubongo, ile inayopitisha ujumbe, imeharibika pande zote mbili. Daktari Jepleting alishuku ugonjwa wa kurithi, na vipimo vikathibitisha kwamba umetoka kwa baba na mama, wote wawili. Shangazi wakaacha kumlaumu. Kiprugut hatembei tena, anatunzwa nyumbani. Hofu ikahamia kwa mdogo wake, Cheruto.

Obura hakuwahi kumwonyesha mzazi usoni alichokiona kwenye kompyuta. Majibu ni ya daktari. Siku Cheruto alipopigwa picha, Obura alitoka na uso wake mkavu kama kawaida, Chepkemboi akadhani mambo yameharibika, akaketi sakafuni. Kumbe picha ilikuwa safi. Hata hivyo, kwa mtoto mdogo picha pekee haitoshi, ikabidi wangoje kipimo cha vinasaba. Kilipofika, daktari aliwaambia wazazi kwamba Cheruto haugui na hataugua ugonjwa huo. Obura, aliyekuwa akipita na shuka, alisikia kigelegele cha mama, akaziangusha zote, akalia mbele ya foleni nzima. Nasi tukashusha pumzi, tukalia pamoja naye.

Mzee Obura, asante. Tunakuombea mapumziko ya afya na furaha tele nyumbani kwako Free Area. Keki ya kukuaga Jumamosi utakatiwa na Cheruto; amekataa kabisa mtu mwingine ashike kisu.