Walikiita Chumba cha Dawa ya Vita

Assalaam aleikum, ndugu zangu! Mungu mmoja ndiye aliyenifungua kamba, na leo nalisema hili kwa sauti. Anayetaka kwenda kunishitaki aende!

Mimi ni Mwanahawa, wa hapahapa Ruaruke. Zamani nilikuwa na macho nisione. Mchana napalilia pamba ya serikali kwa viboko, jioni naswali kwa maneno nisiyojua hata moja limeandikwaje. Nikadhani ndiyo maisha. Ndipo Bi Time, mjane wa mwalimu wetu, akafungua chumba kando ya msikiti, akaliweka wazi sanduku la vitabu vya marehemu mumewe. Wake kwa waume, yeyote aliingia akasoma. Asiyejua alifundishwa na aliyejua jana. Mkono huu wa jembe ukaandika jina langu! Nililia, ndugu zangu.

Kisha vita vikaja. Watu wa vilimani waliponyweshwa maji ya kuzuia risasi, serikali ikaanza kuogopa hata kata ya maji. Na desturi yetu mnaijua: ubao wa kusomea wenye aya za Kurani ukioshwa, maji yake hayamwagwi ovyo, hupewa mgonjwa akanywa. Askari mmoja, mgeni wa nchi hii, akapita pale chumbani akamwona mama anamnywesha mwanawe. Mbio hadi kwa akida, mtawala wetu wa serikali: huku wanagawa dawa ya vita!

Wakaja na bunduki, wakamtaka mwenye chumba. Bi Time alikuwa kitandani na homa. Nikasema mwenye chumba ni mimi. Wakanifunga kwenye nguzo ya baraza ya akida. Akida akanitaka niseme mbele ya watu kwamba chumba kile ni cha dawa ya vita, kichomwe, nami niende zangu. Nikikataa, nitanyongwa. Niliogopa, ndugu zangu! Lakini nikikane kwa kinywa changu chumba kilichonifumbua macho? Nilikataa!

Nikamlilia Mungu, na Mungu akawaleta wanawake. Walikuja na kaniki zao za shambani, kila mmoja na ubao wake. Wakasimama mbele ya bunduki, wakasoma walichoandika, aya kwa aya. Wakaosha mbao, wakanywa maji yake. Bi Time, amebebwa juu ya kitanda chake, akamnyooshea akida bakuli la maji hayo.

"Mwanangu, nawe umelelewa pwani. Ulipougua, mamako alikunywesha nini? Basi tukunyonge na wewe?"

Akida aliinamisha uso. Akaamuru nifunguliwe.

Askari kwa hasira wakakitia moto chumba. Na wakichome! Vitabu vilikuwa vimeshatoka, vimefungwa ndani ya kaniki za wanawake walewale. Leo vinasomwa barazani kwangu, kweupe. Vita havijaisha, nasi hatufungi.

Namshukuru Mola aliyeniokoa. Wewe unayepita mbali kwa hofu, mtegemee Yeye, ingia ushike ubao. Tena sikilizeni: juzi akida amenitumia salamu kwa siri, anauliza kama tunapokea watoto wa kike, maana anao mabinti wawili. Nimemjibu tunawapokea. Ila awalete mwenyewe, mchana, watu wote wamwone!